Kupanga Bei ya Kazi za Kukereza: Hesabu Kwanza, Soko Baadaye

Mazungumzo kwa wakaazi wanaokereza mbao nyumbani na kuuza kazi zao



Wapo wakaazi wa Kaunti ya Kilifi ambao kazi yao ya kila siku si useremala, lakini wanapenda kukereza mbao. Mmoja ni mwalimu aliyestaafu, mwingine ni karani, mwingine anafanya kazi hotelini, mwingine ni kijana aliyejifunza ufundi na bado anatafuta ajira. Jioni au siku ya Jumamosi huwasha mashine nyuma ya nyumba. Kipande cha mwembe kinazunguka, patasi inakiondolea maganda, na baada ya muda kunatokea bakuli, kinara cha mshumaa, mchi wa kinu au mti wa kusukumia chapati.

Kisha jirani anapita, anakishika chombo, anakigeuza, anakipenda. Anauliza, "Hiki ni pesa ngapi?" Mwenye kazi anaona haya. Hajawahi kupiga hesabu yoyote. Anasema neno la kwanza linalomjia kinywani: "Nipe mia tano tu."

Mazungumzo haya yanahusu hiyo mia tano: imetoka wapi, inamfaidi nani, na inamwumiza nani.

Kwa nini kaunti inalizungumzia jambo hili

Huenda mtu akauliza serikali ya kaunti inahusikaje na bakuli la mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti kazi ya kukuza na kusimamia biashara. Hiyo ni pamoja na masoko, leseni za biashara, biashara ya haki, utalii wa mashinani na vyama vya ushirika. Bakuli likishauzwa sokoni Mtwapa au kando ya barabara ya Watamu, limekwisha kuwa biashara.

Ufundi wenyewe si mgeni Pwani. Vitanda vya samadari vyenye miguu iliyokerezwa vinajulikana tangu zamani katika nyumba za Waswahili. Tofauti ni kwamba fundi wa samadari aliishi kwa kazi yake. Akikosea bei, alijua siku hiyohiyo, kwa sababu nyumbani kulikosekana unga. Anayekereza kwa kupenda ana mshahara, pensheni au duka. Akikosea bei hakuna anayelala njaa nyumbani kwake, kwa hiyo haoni kosa. Hasara inajificha ndani ya mshahara, mwezi baada ya mwezi.

Anayeiona hasara hiyo upesi ni mtu mwingine. Ni fundi wa mtaa wa pili, ambaye hana mshahara na anakereza ili alipe karo na kodi ya nyumba. Mteja anamwendea na kumwambia, "Mbona fulani ananiuzia mia tano?" Fundi huyo hawezi kushindana na mtu asiyejilipa. Atapunguza ubora, au atafunga kibanda. Kwa hiyo bei ya mkerezaji wa nyumbani si siri yake peke yake. Ni sehemu ya bei ya mtaa mzima.

Gharama za bakuli moja

Tuchukue mfano wa bakuli la mwembe, upana wa sentimita 25 hivi. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu. Kila mtu aweke za kwake, kwa sababu bei za mbao za Ganze si zile za Malindi mjini.

Gharama ya kwanza ni mbao. Tuseme gogo limenunuliwa shambani, likakatwa kwa msumeno wa mashine na kuletwa kwa mkokoteni, yote kwa shilingi 1,000. Linatoa mabakuli manne. Wengi hugawanya 1,000 kwa nne na kusema mbao ni shilingi 250. Hesabu hiyo imesahau ufa. Mbao mbichi hupasuka inapokauka. Ndiyo maana mkerezaji mzoefu hulikereza bakuli mara mbili. Mara ya kwanza huliacha nene, unene wa kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, yaani sentimita mbili na nusu kwa bakuli hili. Kisha huliweka kivulini kwa miezi kadhaa, na likishakauka hulimaliza. Hata kwa uangalifu huo, baadhi hupasuka. Likipasuka moja kati ya manne, matatu yaliyobaki ndiyo yatakayolipa lile gogo. Hapo mbao si 250 tena, ni karibu shilingi 335 kwa bakuli.

Gharama ya pili ni vitu vinavyoisha: msasa wa ngazi mbalimbali, gundi, mafuta au nta ya kupaka, na mfuko wa kumfungia mteja. Tuseme shilingi 90.

Gharama ya tatu ni mashine. Mashine ya shilingi 60,000 itakayofanya kazi saa 3,000 kabla ya kuchakaa inakula shilingi 20 kila saa, hata kama ilinunuliwa zamani na deni limekwisha. Siku itakapokufa, pesa za nyingine zitatoka wapi? Patasi nazo huisha kwa kunolewa. Mti wa mnazi, kwa mfano, hutia butu patasi upesi kuliko mwembe, na anayekereza mnazi aweke zaidi hapa. Tuseme shilingi 10 kwa saa. Stima nayo inahesabika: mota ya nguvu farasi moja hutumia kama robo tatu ya yuniti kwa saa, na yuniti ikiwa karibu shilingi 28, hiyo ni takriban shilingi 20. Jumla ni shilingi 50 kwa saa. Bakuli letu linakaa kwenye mashine saa mbili, kwa hiyo ni shilingi 100.

Gharama ya nne ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: muda wa mtu mwenyewe. Nusu saa ya kukereza mara ya kwanza, saa moja ya kumaliza, dakika 45 za kupiga msasa na kupaka mafuta, na robo saa ya kupiga picha, kujibu simu na kufunga. Zote ni saa mbili na nusu. Saa hizo zilipwe kiasi gani? Kipimo kizuri ni kile ambacho mkerezaji angemlipa fundi mwingine amfanyie kazi hiyo. Ikiwa fundi wa mbao wa eneo hilo hulipwa shilingi 1,200 kwa siku ya saa nane, basi saa moja ni shilingi 150. Saa mbili na nusu ni shilingi 375.

Hapa watu hubisha. Husema, "Lakini huu ni muda wangu wa mapumziko, ningekuwa nimekaa tu." Ni kweli, na starehe hiyo haimdai mtu pesa. Lakini bakuli likishatolewa nje kuuzwa, muda ule umegeuka kuwa kazi. Tena iko siku mteja atataka mabakuli 30 ya mkahawa, yote ya kipimo kimoja, kabla ya Ijumaa. Siku hiyo hakutakuwa na starehe, na bei ya mia tano itakuwa imeshazoeleka.

Gharama ya tano ni zile ndogondogo zisizoonekana kwenye bakuli lenyewe: kibali cha biashara, ada ya meza sokoni, ada za kutoa na kutuma pesa kwa simu, nauli, na muda uliopotea kwenye bakuli lililopasuka. Badala ya kuzihesabu moja moja, mtu anaweza kuanza kwa kuongeza sehemu moja ya kumi, kisha airekebishe kadiri daftari lake litakavyomwonyesha.

Hesabu kwa ufupi

Mbao: 335
Msasa, gundi, mafuta na mfuko: 90
Mashine, patasi na stima: 100
Muda, saa 2 na nusu: 375
Jumla ndogo: 900
Gharama ndogondogo, asilimia 10: 90
Gharama kamili: shilingi 990

Shilingi 990 ndiyo sakafu. Chini ya hapo, mkerezaji anamlipa mteja ili alichukue bakuli. Juu ya sakafu huwekwa faida. Faida si tamaa. Ndiyo inayonunua mashine bora, ndiyo inayobeba mwezi ambao watalii hawakuja. Ikiwekwa asilimia 20, inakuwa shilingi 198, na bei inafika 1,188. Kwa lugha ya soko, 1,200.

Sasa turudi kwenye ile mia tano. Mbao, msasa, mafuta na mashine peke yake ni shilingi 525. Kabla muda wa mtu haujahesabiwa hata dakika moja, bakuli la mia tano limeshachukua shilingi 25 kutoka mfukoni mwa muuzaji. Akiuza kumi, amepoteza 250 na kufanya kazi saa 25 bila malipo. Na jirani zake wanamsifu kwamba biashara inatembea.

Soko huangaliwa baada ya hesabu

Wengine hupanga bei kwa kutazama meza ya mwenzao. Hilo lina faida yake, lakini lije pili. Anayeanza na soko hajui kama yule mwenzake naye anapata hasara.

Mti wa kusukumia chapati ni mfano mzuri. Tuseme kipande cha mwarobaini ni shilingi 60, msasa na mafuta 20, nusu saa ya kazi 75, mashine 25. Jumla ni 180. Ukiongeza asilimia 10 ya gharama ndogondogo inakuwa 198, na ukiongeza faida inakaribia 240. Mkerezaji anakwenda dukani na kukuta miti kama hiyo inauzwa kwa 170. Afanye nini?

Jibu la haraka ni kushuka hadi 170 na kunyamaza. Lakini sakafu yake ni 198, kwa hiyo atakuwa anauza kwa hasara. Njia zilizo bora ni tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha namna ya kufanya kazi. Anayekereza mti mmoja leo na mwingine wiki ijayo hupoteza muda kupima, kufunga kipande kwenye mashine na kunoa. Akikata vipande 20 kwa siku moja, akatumia kipimo kimoja cha ubao kwa vyote, kisha akapiga msasa vyote kwa pamoja, huenda kila kimoja kikachukua robo saa badala ya nusu saa. Hapo kazi ni kama 38, mashine 12, mbao na msasa 80. Jumla ni 130. Pamoja na gharama ndogondogo na faida, bei inakuwa kama shilingi 170. Sasa anaweza kusimama sokoni bila kujidhulumu.

Ya pili ni kubadilisha chombo. Mti mzito na mrefu zaidi, uliokaushwa vizuri na kusawazishwa, ni wa yule mama anayepika chapati za kuuza, anayeutumia kila asubuhi. Huyo hatafuti cha 170. Anatafuta kisichopinda.

Ya tatu ni kukubali kwamba chombo hicho hakina soko mikononi mwake. Akikereze kwa raha yake, akitoe zawadi kwenye harusi, na auze kitu kingine. Hakuna aibu katika hilo. Waswahili husema kizuri chajiuza, nao wana haki, lakini kizuri hakijipangii bei.

Maduka ya vinyago na mali kauli

Malindi na Watamu kuna maduka yanayowauzia wageni kazi za mbao. Mwenye duka hulipa kodi, mlinzi na mfanyakazi, naye lazima apate sehemu yake. Mkerezaji aijue sehemu hiyo kabla ya kupeleka mzigo.

Tuseme duka linaliuza bakuli kwa 1,200 na kuchukua theluthi moja. Mkerezaji anabaki na 800. Hiyo iko chini ya sakafu ya 990 kwa shilingi 190. Zaidi ya nusu ya malipo ya muda wake imebaki dukani. Bakuli hilo halifai kwenda dukani kwa bei hiyo. Ama duka liliuze kwa 1,800, ili theluthi ikitoka ibaki 1,200, ama liuzwe nyumbani tu.

Na likiuzwa dukani kwa 1,800, lisiuzwe tena nyumbani kwa 1,200. Mgeni atakayeona bei zote mbili atahisi ametapeliwa, na mwenye duka hatachukua mzigo wa pili. Bei ya rejareja iwe moja, popote chombo kilipo. Anayenunua vingi kwa mara moja ndiye apewe bei ya jumla.

Wengi hupeleka vyombo kwa mali kauli, yaani duka lilipe baada ya kuuza. Si vibaya, lakini maneno matupu huleta ugomvi. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Iandike idadi ya vyombo, bei ya kila kimoja, tarehe vilipopelekwa, siku ya kulipana kila mwezi, na nani atabeba hasara chombo kikivunjika au kuibwa dukani.

Mkerezaji mmoja akiwa peke yake ana sauti ndogo mbele ya duka. Wakamba wachongaji wa vinyago walilitambua jambo hili mapema. Chama chao cha ushirika kule Changamwe, Mombasa, kimekuwa kikiuza kazi za wanachama kwa miaka mingi katika ukumbi wao wenyewe. Wakerezaji wachache wa wadi moja wanaweza kuanza kwa jambo dogo zaidi: kununua gogo pamoja, kuazimana mashine, na kukubaliana kwamba hakuna atakayeuza chini ya gharama zake.

Bei ya ndugu na bei ya mgeni

Hakuna anayeweza kuuza Pwani bila kukutana na shemeji, jirani na mwenzake wa msikitini au kanisani. Hao wote wanataka kupunguziwa. Njia safi ni kuwa na bei mbili tu zinazojulikana. Iwepo bei ya kawaida, na iwepo bei ya ndugu, ambayo ni ile sakafu, 990 katika mfano wetu. Anayetaka chini ya hapo apewe bure kama zawadi, na aambiwe kuwa ni zawadi. Zawadi hujenga undugu. Bei ya kuvunja, kwa upande mwingine, hutangazwa mtaani kote, na kesho kila mtu ni ndugu.

Kuhusu mgeni, zipo meza ambazo bei hupanda kwa kuangalia sura ya mteja. Siku hizi wageni huulizana hotelini na kupiga picha za bei. Aliyelipa mara tatu ya mwenzake harudi, wala haleti mwingine. Kibandiko kidogo chenye bei chini ya bakuli kinamwokoa muuzaji na maneno mengi. Kupatana kunaruhusiwa, maana ndiyo desturi ya soko, lakini nafasi ya kupatana iwe kati ya bei na sakafu, na muuzaji ajue mahali pa kusimama kabla ya mteja kufika.

Vibali, kodi na mbao halali

Anayeuza mara kwa mara anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Aulize katika ofisi ya mapato ya kaunti ndogo yake ni daraja gani linalomhusu, kisha aiingize ada hiyo katika hesabu zake.

Kwa upande wa kodi ya taifa, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya mauzo ya asilimia 3 kwa biashara ambazo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi 1,000,000 lakini hayazidi 25,000,000. Kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Bakuli la 1,200 hutoa shilingi 36, liwe na faida au lisiwe nayo. Mkerezaji wa nyumbani aliye chini ya kiwango hicho haingii katika kodi hiyo, lakini mapato yake bado ni mapato, na daftari litamsaidia anapojaza ripoti yake ya kila mwaka.

Mbao nazo ziwe na asili inayojulikana. Kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji kibali cha shirika la KFS. Mpingo, pamoja na jamii yake yote, umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu Januari 2017, na biashara yake kuvuka mipaka ina masharti. Muhugu umechongwa mno hadi umepungua sana msituni. Mbao ya wizi huonekana rahisi inaponunuliwa, lakini ikikamatwa mkerezaji hupoteza mbao, muda na jina. Mwembe uliozeeka shambani, mwarobaini na mvinje vinatosha kazi nyingi, na muuzaji anaweza kumweleza mteja bila hofu mti ulikotoka.

Daftari

Yote yaliyosemwa hapa yanahitaji kitu kimoja cha shilingi chache: daftari. Kila gogo liandikwe bei yake na idadi ya vyombo vilivyotoka. Kila chombo kiandikwe saa zake. Kilichopasuka kiandikwe pia. Baada ya miezi mitatu, mkerezaji atajua mwenyewe ni chombo gani kinamlipa na kipi kinamla. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya anayefanya kazi kwa mapenzi hupotea kwa urahisi zaidi, kwa kuwa haitafuti.

Atakayeanza leo aanze na chombo kimoja tu, kile anachokiuza zaidi. Aandike gharama zake tano, ajumlishe, aongeze faida, kisha ndipo aende sokoni kutazama bei za wenzake. Akikuta bei yake ya zamani iko chini ya sakafu, aipandishe kuanzia mzigo ujao, na amweleze mteja wa zamani sababu kwa upole. Wengine wataondoka. Watakaobaki watakuwa wanalipia kazi, na fundi wa mtaa wa pili naye atapata kufungua kibanda chake kesho asubuhi.